Maji ya Maguu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kresensia kule Maguu, na kwa kuwa hayupo tena wa kuona haya, nadhani sasa naruhusiwa kusimulia kilichoiharibu injini ya gari la Mama Skola. Ruhusa hiyo sikujipa mwenyewe. Siku ya tatu ya msiba nilikaa na kaka Longino, mkwe wa marehemu, kwenye benchi nyuma ya nyumba, wazee wawili tumejikunyata ndani ya makoti kwa baridi ya huko juu, nikamuuliza kama ninaweza kuiandika habari ile. "Utaandika na ulivyonisingizia?" akaniuliza. Nikamwambia nitaanza na hapo. "Basi andika," alisema. "Ila usimfanye mama aonekane mjinga. Hakuwa mjinga." Sharti hilo nimelipokea, nami naongeza langu: mjinga wa habari hii ni mmoja tu, na ndiye anayeisimulia.

Kuzaliwa kwangu Mbaha na kukulia kando ya Ziwa Nyasa hakuna la ajabu, naviruka. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kwenye gereji ya chama cha ushirika iliyofungwa malori yakiwa yamekaa juu ya mawe, matairi yameshaondoka na wenye akili zao. Ulikuwa wakati ambapo soko la kahawa limefunguliwa, kila mwenye mzani na magunia anaitwa mnunuzi, na magari yaliyochoka huko Japani yanapanda milima yetu yakiwa bado na maandishi ya kwao ubavuni. Kwa fundi kijana ilikuwa neema. Nilipanga chumba kimoja chenye kibaraza kikubwa nyuma ya duka la mitumba mjini Mbinga. Chumbani nililala, kibarazani nilitengeneza magari, na harufu ya dizeli ilitoka huku ikaingia kule bila kubisha hodi. Kati yangu na duka palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nikiwa nakula ugali wangu mchana nilisikia kila kilichosemwa na wanawake waliokuja kupekua magauni. Siku moja nilimsikia mmoja akisema, "Huyu Mnyasa wa nyuma hana haja ya kufungua injini, anaisikiliza tu anajua." Maneno yale yalinivimbisha kichwa miezi mingi. Leo nikiyakumbuka naona ndiyo yaliyoanza kuniharibia kazi, kwa sababu tangu siku ile nilitaka niwe ninajua upesi, tena mbele za watu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Skola, mwanamke wa Kimatengo kutoka Kitura, aliyeanza na sinia la usipa, dagaa wa ziwani kwetu, sokoni mpaka akanunua gari lake mwenyewe: van ya dizeli, nyeupe ya zamani, yenye mlango wa ubavuni uliofunguka kwa wanaoujua tu. Gari lilishusha kahawa kutoka Maguu na Kitura, likateremka mpaka Mbamba Bay, likarudi limejaa magunia ya usipa mkavu. Mama Skola alikuwa ameniambia wazi kwamba akinunua la pili litatengenezwa kibarazani kwangu, na la tatu pia. Dereva wake alikuwa huyu kaka Longino. Alinizidi miaka kumi na zaidi, nikawa namwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akishaitikia anaanza utani wake wa kuniuliza kama watu wa ziwani tumeshajifunza kula chakula kisichotutazama kwa macho. Nami namuuliza kama huko milimani kwao wameshapata mahali tambarare pa kutua sufuria. Akitoka ziwani aliniletea kipande cha samaki, mbasa wa kukaushwa, tunakichoma juu ya mkaa pale kibarazani na kukila kwa ugali, tumekalia tairi kuukuu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuwa ni furaha.

Sijapata kumwona dereva mwenye huruma na injini kama yule. Kabla ya kila safari alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa alichokikunja mfukoni mwa shati kama leso ya kanisani, akapima, akakirudisha. Kisha maji. Rejeta ya gari lile ilikuwa inavuja kidogo kwenye maungio, si mvujo wa kulisimamisha gari, lakini akipanda milima ya Maguu ilikuwa lazima aongeze lita mbili tatu. Hakuwahi kusahau. Huko Maguu ndiko alikooa, mkewe Filomena alikuwa binti wa Mama Kresensia, na gari lilipumzika kwenye mteremko chini ya nyumba ya wakwe zake kila wiki wakati kahawa inapimwa. Injini ikishapoa anaijazia maji, ndipo anateremka. Nayasema haya mapema ili msomaji aone ukubwa wa uongo nilioutamka baadaye.

Katikati ya msimu wa kahawa, saa tatu asubuhi, lori la mbao lililivuta gari la Mama Skola mpaka mlangoni kwangu. Longino aliteremka kutoka kwenye usukani akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, oili imekuwa nyeupe." Yeye mwenyewe ndiye aliyeiona kwenye kijiti, njiani, akazima injini papo hapo wala hakuiwasha tena. Nilifungua kifuniko cha kujazia oili. Chini yake palikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo maana yake maji yameingia kwenye oili, na hayo mawili katika injini yana njia zake, kila moja na yake, hayatakiwi kukutana popote. Mahali yanapokaribiana sana ni pale hedi, kichwa cha injini, inapokalia bloku, mwili wake, na kinachoyatenganisha ni gasketi, karatasi ngumu yenye bati. Gari likiendeshwa bila maji linachemka, hedi inapinda, gasketi inaungua, maji na oili vinaingiliana. Hilo analijua hata mtu aliyekaa gereji wiki mbili. Nililijua na mimi, na sikutaka kujua zaidi. Mama Skola alikuwa amefika, wanunuzi wawili wa kahawa wamesimama na mizani yao, na wanawake wa dukani wametoka na magauni mikononi kuja kutazama.

"Gasketi ya hedi imeungua," nilisema. "Gari limechemshwa."

"Limechemshwa na nani?" Mama Skola aliuliza.

"Mimi siliendeshi, mama," nikajibu, na watu wakacheka.

Longino hakucheka. Alisema, "Mama, mshale wa joto haujapanda hata siku moja. Na maji sijawahi kuyaacha." Nikamkatiza nikasema mishale ya magari haya ya zamani hudanganya. Nilisema kwa upole wa mtu mwenye elimu, nikijifuta mikono taratibu. Nikilikumbuka tendo lile la kujifuta mikono naona aibu mpaka leo, kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado haijashika kitu.

Kesho yake niliishusha hedi. Kazi ile ilinichukua tangu asubuhi mpaka jua limegeuka, nikiwa peke yangu, bolti nimezipanga kwenye ubao kwa mpangilio zilivyotoka. Gasketi ilinyanyuka nzima. Niliigeuza huku na huku nikitafuta mahali palipoungua, palipokatika, palipofanya weusi, sikuona. Nikachukua rula ya chuma niliyorithi kwenye gereji ya ushirika, nikailaza juu ya uso wa hedi, nikainama kutazama kama mwanga unapita chini yake. Hedi iliyochemka haiwezi kulala sawa na rula, hata kidogo lazima ipinde. Rula ililala. Nikaiweka kwa urefu, nikaiweka kwa mshazari, ikalala. Nilijua saa ile ile kwamba gari halikuchemshwa na kwamba Longino amesema kweli. Nilikaa juu ya lile tairi letu nikijiambia kwamba labda gasketi ilichoka tu kwa ndani mahali nisipopaona, kwamba nikiweka mpya mambo yatakwisha, kwamba hakuna haja ya kurudi nyuma. Mama Skola alipopita alasiri aliniuliza, "Umeona?" Nikamjibu, "Nimeona, mama." Ni maneno mawili tu, na yote mawili ni ya kweli, ila sikumwambia nilichokiona.

Siku hiyo hiyo Longino alirudisha ufunguo. Mama Skola hakumtukana, alimwambia tu kwamba amewekeza maisha yake kwenye lile gari na hawezi kuliacha mkononi mwa mtu anayelichemsha. Akaletwa dereva kutoka Songea. Mbinga haukuwa mji mkubwa. Longino alikwenda kwa wenye magari wengine wawili, wote wakampokea vizuri, wakampa kiti, wakamwambia nafasi hakuna. Nikiwa nakula niliwasikia wanawake ng'ambo ya ukuta wa mbao wakisema, "Yule kachemsha gari la mama wa watu, nani atampa la kwake?" Mwingine akasema, "Na Mnyasa alimwambia kwa kutazama tu." Nikaufunika ugali. Nilikuwa nakutana na Longino sokoni, namwamkia, naye anaitikia vilevile kama zamani, bila kinyongo, na hiyo ilinitesa kuliko kama angenipita. Utani tu ndio hakuufanya tena. Alikuwa na watoto wanne, mke ana mtoto mchanga mgongoni, na kazi pekee aliyoijua ni kushika usukani.

Gari lilitembea wiki tatu na gasketi mpya. Wiki ya nne dereva wa Songea alilirudisha, nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta chai ya maziwa palepale. Mama Skola alisimama mlangoni mwa kibaraza, ameshika kiuno. "Na huyu naye kachemsha?" aliniuliza. Nilimwomba siku tatu. Nikatundika turubai mbele ya kibaraza ili pasiwe na mtu wa kunitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaanza kufanya kazi kama mtu asiyejua kitu, ambayo ndiyo namna pekee ya kuifanya.

Kwanza niliacha rejeta wazi nikaiwasha injini. Kama gasketi ingekuwa inavuja, moshi wa ndani ya silinda ungepenya kwenye maji na maji yangetoa mapovu. Hayakutoa. Yalitulia. Nikakaa nikayaangalia, na baada ya muda nikaona juu yake yanatokea macho ya oili, moja, mbili, kisha utando mzima. Hapo nikaanza kuelewa. Injini ikiwa inawaka, oili husukumwa kwa nguvu kuliko maji, kwa hiyo oili ndiyo iliyokuwa ikitoroka kuingia kwenye maji. Injini ikizimwa oili inalegea, lakini maji bado yana moto na yanatanuka, yanasukuma kurudi upande wa oili. Hivyo yalikuwa yanatembeleana, na mlango wao haukuwa kwenye hedi. Ubavuni mwa bloku kuna kipoza oili, mahali ambapo oili hupitishwa katikati ya maji ili ipungue joto. Nilikifungua. Bati lake nene la alumini, lenye mifereji ya oili upande mmoja na maji upande mwingine, niliziba matundu yake kwa mpira wa ndani wa tairi, nikaliingiza kwenye karai la maji, nikalipulizia kwa pampu ya baiskeli. Mapovu membamba yakapanda kutoka sehemu tano sita, kwenye vitundu ambavyo kwa macho sikuvipata. Uso wake wa upande wa maji ulikuwa umeliwa kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi, na juu yake pana ukoko mweupe. Niliulowesha ule ukoko kwa tone la maji, nikalisugua kati ya vidole, likateleza kama sabuni. Nimekulia kwenye maji ya ziwa, nimekunywa ya mito yote kati ya Mbaha na Mbinga, na hakuna yanayoteleza hivyo.

Kwa kuwa maji aliyatia Longino, ilinibidi niende kwake. Nilimkuta anageuza kahawa yake kidogo kwenye mkeka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: rula, gasketi nzima, maneno yangu mawili kwa Mama Skola. Nilitarajia anifukuze. Aliendelea kuzigeuza zile kahawa mpaka mwisho wa mkeka, kisha akasema, "Mimi nilishaanza kuamini nilichemsha. Nilikuwa nalala nahesabu safari, natafuta ni siku gani." Nililia, sina haja ya kuficha. Yeye akaniacha nilie, akaniletea maji ya kunawa, ndipo akauliza tunahitaji kujua nini. Nikamwambia ninahitaji kujua maji yake aliyachota wapi. Akasema Maguu, kwa wakwe, kwenye dumu lililowekwa ukutani nyuma ya jiko, kila wiki.

Tulipata lifti ya lori la mbao tukafika Maguu kabla ya saa sita. Kwa wasioijua desturi ya huko siku zile, mkwe mwanamume hakuingia jikoni kwa mama mkwe wake, hakumtazama usoni, wala hakusemeshana naye moja kwa moja. Ilikuwa heshima, na kadiri walivyopendana ndivyo walivyoepukana. Longino alinieleza njiani kwamba mara ya kwanza alimtuma binti mdogo wa nyumba akamwombee maji ya gari, mama yupo shambani kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, yule binti akamwonyesha dumu kwa kidole. Juma lililofuata akalikuta limejaa palepale. Akaona wakwe zake wamemfikiria. Hakuuliza, angemuuliza nani. Yalikuwa na rangi kidogo, akadhani ni kutu ya dumu.

Tulikaribishwa sebuleni, chumba chenye benchi mbili, msalaba, na dirisha dogo linalotazama jiko. Binti alituletea ugali, maharage, na majani ya maboga yaliyolainika mpaka yakawa yanayeyuka mdomoni. Sisi wa ziwani mboga zetu hatuzipiki hivyo. Nilikuwa nataka kuulizia siri ya upishi ule wakati sauti ya Mama Kresensia ilipotoka jikoni kupitia lile dirisha, haionekani ilikotoka, inaongea Kiswahili cha kanisani, polepole, na inaongea na mimi.

"Baba mgeni, karibu sana."

"Ahsante mama, shikamoo."

"Marahaba. Naomba umfikishie mwenzako habari. Mwambie dumu lake la magadi liko palepale. Wiki hizi alivyonyamaza kuja nilifikiri labda anaumwa, nikazidi kulijaza. Mwambie haya ya sasa ni makali, ni majivu ya maganda ya maharage, Filomena asitie mengi."

"Nitamwambia, mama," nilijibu, ingawa mwenzangu amekaa kiganja kimoja kutoka kwangu.

"Na mwambie asione aibu. Niliona tangu siku ya kwanza kwamba amechukua, nikajua huko mjini wanapikia mkaa, majivu ya maana watayapata wapi. Sikumuuliza hata Filomena, nisije nikaonekana nahesabu. Mimi nafurahi akichukua."

Longino alikuwa ameshika tonge, hakulipeleka mdomoni wala hakulirudisha. Baadaye nilizunguka nyuma ya jiko nikaona chungu kilichotobolewa chini, kimejaa majivu, maji yanapenya na kudondoka tone kwa tone ndani ya dumu la njano. Nilichovya kidole. Yaliteleza. Magadi yale ya majivu, yanayolainisha maharage na mboga, ndiyo yaliyokuwa yakizunguka ndani ya injini mwezi baada ya mwezi, yakitafuna alumini, na yule aliyeyatia alikuwa dereva mwangalifu kuliko wote Mbinga, na yule aliyeyatengeneza alikuwa akifanya kazi hiyo kwa upendo mtupu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Tuliondoka na dumu limejaa.

Tukiwa barabarani tunasubiri lori, Longino alilitua dumu chini akaniambia, "Usiseme." Nikamwambia bila kusema atabaki mchemshaji wa magari mpaka anazeeka. "Bora mimi," alisema. "Mama yule akisikia kwamba maji yake ndiyo yaliyoharibu gari la watu na mimi nikafukuzwa, hatanitazama." Nikamwambia kwani sasa anamtazama. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile ya lori. "Sasa hanitazami kwa heshima. Wakati ule hatanitazama kwa aibu. Mimi na yule mama hatujawahi kusemeshana, fundi. Hili dumu ndilo neno lake kwangu. Unataka nimwambie neno lake lilikuwa sumu?" Dumu lile na mengine yote yaliyofuata alimpelekea Filomena, na nyumba yao ilikula maharage ya magadi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama Kresensia amekwenda bila kujua. Siku ile, hata hivyo, tulipokuwa tunapanda lori, nilimwambia Longino kwamba lake atalitunza atakavyo, ila mimi nina langu la kusema, na hilo halimhusu mama.

Nilimwita Mama Skola kibarazani, na Longino nikamwomba aje. Turubai nililiondoa. Wanawake wa dukani wakasogea kama kawaida yao, nami sikuwafukuza, kwa kuwa uongo niliusema mbele yao. Bati la kipoza oili nililiweka juu ya benchi. Nikasema, "Mama, nilikosea. Gari halikuchemshwa. Hedi ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, niliipima kwa rula nikaona, nikanyamaza kwa sababu nilishasema mbele za watu."

"Ulinyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikamnyang'anya mtu mzima ufunguo kwa neno lako."

"Ndiyo, mama."

Hakupaza sauti. Aliniambia nikishamaliza kazi hii gari lake nisiliguse tena, nami nikasema sawa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, la pili na la tatu yalitengenezwa kwa fundi mwingine. Kisha akalichukua lile bati akaligeuza kwenye mwanga. "Na hiki kimeliwa na nini?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa. "Ni umri, mama. Gari la zamani."

Alikwangua ule ukoko mweupe kwa ukucha. Akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mimi, Mnyasa, mla mboga zisizo na magadi, sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo: kwamba nimesimama mbele ya mwanamke wa Kitura aliyekulia kwenye jiko la Kimatengo. Alikipeleka kidole kwenye ncha ya ulimi, kwa wepesi, kama anavyofanya mpishi kupima ukali. Ladha ile aliijua. Longino alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Mji mzima ulijua alikooa, na kwamba gari likienda kwenye kahawa hupumzika kwa wakwe zake. Mama Skola alimtazama kwa muda mrefu sana, na nikaona uso wake unabadilika, ule ugumu wa biashara unaondoka.

"Mama mkwe wako hajambo?" alimuuliza.

"Hajambo, mama."

"Bado ana nguvu za kupika?"

"Anapika, mama."

Mama Skola alijifuta kidole kwenye pindo la kanga, akalirudisha bati juu ya benchi, upande ulioliwa akaulaza chini. "Fundi amesema ni umri," alisema, safari hii kwa sauti ya kuwafikia wanawake wa dukani. "Basi ni umri. Na huyu hakuchemsha kitu." Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akamnyooshea Longino.

"Gari likipona kuna kahawa inasubiri Maguu," alimwambia. "Maji uchote mtoni."

Longino aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. "Nitachota mtoni, mama," alisema.